Sinema ya Kung Fury na Mipaka ya Utani

Tarehe 28 Mei 2015 sinema fupi ya dakika 31 iitwayo Kung Fury ilitolewa bure katika intaneti ili kila apendaye aitazame. Siku chache kabla ya hapo ilikuwa imeonyeshwa Cannes, Ufaransa, katika ile sehemu ya tamasha iitwayo Majuma Mawili ya Waongozaji. Mtungaji wake, mwongozaji wake na mwigizaji wake mkuu ni mtu mmoja, David Sandberg, Mswidi aliyeifanya kazi hiyo Umeå, mji wa kaskazini ya Uswidi. Katika sinema hiyo polisi wa Miami wa mwaka 1985, bingwa wa kung fu, anarudi nyuma katika wakati ili apate kumwua Adolf Hitler. Mambo hayo ni upuuzi, nayo yalikusudiwa yawe upuuzi. Lakini upuuzi uliokusudiwa una kanuni zake kama ushairi ulivyo na kanuni zake, wala si kila aufanyaye huzishika. Hapana haja ya kuuliza kama sinema hii yachekesha, maana yachekesha. Lifaalo kuulizwa ni kwamba inamcheka nani, na kwa haki gani.

Sinema zinazoigwa humo zina jina la Kiingereza ambalo ni gumu kwa mfasiri. Neno lenyewe ni lile lile ambalo katika Kiswahili cha siasa, hasa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, hufasiriwa unyonyaji. Mtu akiandika "sinema za unyonyaji", msomaji wa Tanzania atadhani ni sinema zinazomwonyesha kabaila akila jasho la mkulima. Maana ya wafanya biashara wa sinema ilikuwa nyingine, nayo ni kulichukua jambo ambalo watu wanalitamani au wanaliogopa, kulitangaza kwa makelele, na kuvuna viingilio kabla hamu haijapoa. Kwa sababu hiyo hapa zitaitwa sinema za tamaa. Hata hivyo ile fasiri ya kwanza haikukosea kabisa; kunyonywa kulikuwamo, na aghalabu aliyenyonywa alikuwa mwigizaji wa kike.

Katika miaka ya 1960 na 1970 sinema za tamaa zilitengenezwa Marekani, Italia, Hong Kong na kwingineko kwa fedha kidogo na kwa haraka ya ajabu. Roger Corman alipiga sehemu kubwa ya The Little Shop of Horrors ya mwaka 1960 kwa muda wa siku mbili, akitumia majumba ya kuigizia yaliyobaki kutoka kazi nyingine. Ilsa, She Wolf of the SS ya mwaka 1975, ambayo haina heshima hata chembe, ilipigwa katika kambi bandia iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya mchezo wa televisheni wa kuchekesha juu ya wafungwa wa vita. Naye Bruce Lee alipofariki tarehe 20 Julai 1973, watengenezaji wa Hong Kong na Taiwan hawakukaa matanga; waliwatafuta vijana wa kufanana naye, wakawapa majina kama Bruce Li na Bruce Le, wakaendelea kuuza. Ufukara huo uliacha alama zake. Kipaza sauti kilining'inia juu ya vichwa vya waigizaji, maneno hayakulingana na midomo, na mchana uligeuka jioni katikati ya mazungumzo. Mtazamaji aliziona alama hizo, akazisamehe au akazizomea, kisha akarudi Jumamosi iliyofuata.

Kuiga kazi ya mtu mwingine kwa kuichekesha kuna majina mengi katika Kiswahili, na majina hayo hayana maana moja. Dhihaka humshusha mtu, wala haimtaki aendelee kuwa rafiki. Kejeli humchoma, hata ikiwa imefunikwa. Mzaha ni mwepesi, nao hupita. Utani ni jambo la namna nyingine, kwa kuwa si kila mtu aweza kumtania kila mtu. Mzaramo na Mnyamwezi walitaniana kwa sababu ya mambo yaliyopita baina ya watu wao, na mjukuu humtania babu kwa sababu ya damu. Mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo mwingine akilisema litaleta ugomvi; lakini ruhusa hiyo ina malipo. Panapotokea msiba, mtani ndiye afikaye na vichekesho vyake, akamwiga marehemu alivyotembea na alivyosema, na ndiye pia ashikaye kazi za mazishi. Anayecheka bila kubeba jeneza si mtani, bali ni mpita njia mwenye ulimi mrefu. Kipimo hiki, ambacho wahakiki wa Ulaya hawakuwa nacho walipoandika juu ya sinema za namna hii, kinafaa sana kupimia kazi ya Sandberg.

Hadithi yenyewe yaweza kuelezwa upesi. Polisi mmoja anamwona mwenzake akiuawa na ninja. Hapo hapo anapigwa na radi na kuumwa na swila, na tangu siku hiyo anakuwa bingwa aliyeteuliwa, jina lake Kung Fury. Mashine ya michezo inapata uhai na kuua watu mjini, naye anaiharibu pamoja na barabara nzima. Anapewa mwenzi mpya, Triceracop, mwenye kiwiliwili cha mtu na kichwa cha mnyama wa kale mwenye pembe tatu, akakataa, akajiuzulu. Hitler anampiga risasi mkuu wa polisi kwa kupitia waya wa simu. Kijana wa kompyuta aitwaye Hackerman anaudukua wakati wenyewe kama watu wanavyodukua benki, na shujaa anatupwa mbali mno, kwa Waviking, ambako anakutana na wanawake wawili wapiganaji na mungu Thor, kisha ndipo anapofika Ujerumani. Huko anauawa, anaingia katika mbingu iliyochorwa kama katuni za watoto, anafufuliwa, na vita vinakwisha kwa kishindo.

Penye utajiri katika sinema hii ni pale inaposhughulika na ufukara. Sandberg alikuwa fundi wa matangazo ya biashara na wa sinema fupi za nyimbo. Aliacha kazi hiyo, akaanza kwa fedha zake mwenyewe, takriban dola 5,000, akatengeneza tangazo la sinema isiyokuwapo bado. Mwezi Desemba 2013 aliwaomba watu mchango kwa njia ya Kickstarter. Aliomba dola 200,000, akapata 630,019 kutoka kwa watu zaidi ya 17,000. Fedha hizo ni nyingi kwa mtu mmoja, lakini kwa sinema yenye majoka, majeshi na miji inayoanguka si kitu. Miami yote ilitengenezwa kwa kompyuta juu ya vipande vilivyopigwa ndani ya chumba huko Umeå. Katika kituo cha polisi wanaonekana askari wengi wakipita na makaratasi. Sandberg alikuwa na uwezo wa kupata sare moja tu ya polisi. Basi kila mtu aliivaa kwa zamu, akapigwa picha peke yake, kisha vipande vyote vikaunganishwa vikawa umati.

Jambo hilo la sare lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linaitenga Kung Fury na kazi nyingine zilizoziiga sinema za tamaa katika miaka ile. Mwaka 2007 Quentin Tarantino na Robert Rodriguez walitoa Grindhouse, sinema mbili zilizofungwa pamoja kama zilivyokuwa zikionyeshwa katika majumba ya viingilio vya chini, na kati yake matangazo ya sinema za uongo. Mikwaruzo ilitiwa juu ya picha kwa makusudi, na katika kila sinema kipande kimoja cha hadithi kilitangazwa kuwa kimepotea. Makumi ya mamilioni ya dola yalitumika kununua dalili za kukosa fedha. Hapana ubaya katika hilo, na walioifanya kazi hiyo walizijua sinema za zamani kwa moyo wote. Lakini ni tajiri aliyejishonea kanzu yenye viraka. Mwaka 2009 ikaja Black Dynamite, inayoziiga sinema za shujaa Mwafrika wa Marekani za baada ya mwaka 1971. Humo kipaza sauti kinashuka mpaka kikamgusa mwigizaji kichwani, naye anakitupia jicho. Utani huo ni mzuri, tena wa mtu wa nyumbani, ila unalicheka kosa la mwenzake kutoka mahali pasipo na kosa.

Sandberg hakuwa mahali hapo. Sinema yake nzima imevikwa sura ya kanda ya video iliyochakaa: mistari inapita juu ya picha, rangi zinavuja nje ya mipaka yake, picha inatetemeka na kupotea. Vazi hili ni mwigo, na wakati huo huo ni stara. Penye kanda mbovu hapana mtazamaji atakayeona kwamba mtaa ni wa kompyuta, wala kwamba askari kumi wamevaa sare moja. Mwigo wa ufukara wa zamani umeusitiri ufukara wa leo, na kicheko kinachotoka hapo ni cha watu wawili wanaoshiriki shida moja. Hapo ndipo Sandberg alipo mtani wa kweli. Ameubeba mzigo.

Stara hiyo yasema jambo jingine pia, ambalo wengi walioisifu sinema hii hawakulitaja. Miami yake si Miami. Katika mwaka 1980 peke yake Wakuba wapatao 125,000 waliingia Florida kwa mashua, na Wahaiti nao walikuwa wakija. Mji wa mwaka 1985 ulikuwa mji wa wageni, wa Kihispania na Kikrioli. Hadithi ya Sandberg haiwagusi watu hao. Miami anayoiigiza ni ile ya televisheni, ya Miami Vice iliyoonyeshwa toka mwaka 1984 hadi 1989, na hata hiyo ameipokea kupitia kanda. Mtu aweza kuliita hili kosa, lakini kwa haki ni ushahidi. Yaonekana wazi kwamba kinachotaniwa si Marekani, bali ni Marekani jinsi ilivyofika katika nyumba ya kaskazini ya mbali, ikiwa imenakiliwa mara nyingi mpaka nyuso zimefifia. Mswidi anaigiza sauti nzito ya polisi wa Kimarekani kwa Kiingereza ambacho amekisikia kwa miaka mingi kabla ya kukizungumza.

Kwa watu wa Afrika ya Mashariki njia hiyo si ngeni. Sinema zile zile za ngumi na bastola zilijaza majumba ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala katika miaka ya 1970, na baadaye zikahamia katika vibanda vya video. Kanda zilipofika vibandani hazikuachwa ziseme zenyewe. Dar es Salaam alikuwako Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Mukandala, aliyezifasiri sinema za kigeni kwa Kiswahili huku akizisimulia, akiwapa wahusika tabia na maneno ambayo mtungaji hakuyawazia. Kampala wako wasimulizi waitwao VJ, ambao hufanya hivyo kwa Kiganda. Huo nao ni utani juu ya sinema za tamaa, ila hufanywa juu ya mwili wa sinema yenyewe, mbele ya watazamaji, bila kuhitaji kutengeneza sinema nyingine.

Kutoka katika desturi hiyo ilizaliwa Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, kazi ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala. Nabwana alipokuwa mtoto sinema alisimuliwa na kaka zake kabla ya kuziona kwa macho, na labda hiyo ndiyo sababu sinema yake haina aibu ya kuonekana imesimuliwa. Risasi na helikopta ni za kompyuta, silaha zimeungwaungwa na mafundi wa mtaa, waigizaji ni majirani. Juu ya yote hayo yasikika sauti ya VJ Emmie, akisifu, akicheka, akiwatangaza mashujaa kama mpiga mbiu wa soko. Wala si mwigo wa kejeli. Nabwana alikusudia kutengeneza sinema ya vita, akaitengeneza. Lakini kicheko kimewekwa ndani yake na mwenye nyumba, asipate mgeni kukileta kutoka nje. Mwezi Machi 2015, miezi miwili kabla ya Kung Fury kutolewa, naye aliwaomba watu mchango kwa njia ile ile ya Kickstarter. Aliomba dola 160, akapata zaidi ya 13,000. Kazi hizi mbili zikitazamwa pamoja, ya Sandberg yaonekana kuwa na ustadi mkubwa zaidi wa macho, na ya Nabwana kuwa na sikio zaidi.

Na hapa ndipo udhaifu wa Kung Fury ulipo. Haina msemaji, na maneno yake ni maskini kuliko picha zake. Shujaa husema kwa sentensi fupi fupi zenye mchezo wa maneno, kama desturi ya sinema za miaka ya 1980, ambamo aliyeua hutoa kitu kama methali kabla maiti haijaanguka. Mwanzoni mwigo huo ni sahihi na wapendeza. Baada ya robo saa waonekana kuwa ni ule ule. Jina ambalo Hitler anajitakia, Kung Führer, limeunganishwa kutoka neno la Kichina na cheo cha Kijerumani, na ladha yake yote iko katika silabi moja. Lufufu angelazimika kulitupa na kubuni lake, na yamkini lake lingekuwa bora.

Katika jambo la lugha yafaa kumkumbuka Charlie Chaplin. Katika The Great Dictator ya mwaka 1940 alimwiga Hitler kwa kumpa lugha isiyo lugha: makohozi, mingurumo, na maneno machache ya vyakula vya Kijerumani yakielea ndani yake, mpaka kipaza sauti chenyewe kikajikunja kwa hofu. Mtazamaji hakuelewa neno, akaelewa yote. Chaplin alikuwa ameisikiliza sauti ya yule mtu akapata ndani yake ubaya uliokuwa ukija. Hitler wa Kung Fury anazungumza Kiingereza chenye lafudhi, na anachotaka ni ubingwa wa ngumi. Ametolewa sumu kama nyoka wa mcheza ngoma. Chaplin mwenyewe aliandika mwaka 1964 kwamba kama angalijua mambo yaliyotendeka katika kambi asingaliweza kuifanya sinema ile. Sandberg alijua, kama kila mtu ajuavyo sasa, na njia aliyoichagua ni kutoligusa. Ilsa iliwatumia waliokufa kwa ajili ya kuuza viingilio, nayo hiyo ni fedheha. Kung Fury imewaondoa kabisa, na kijana aitazamaye bila kujua historia aweza kudhani kwamba Hitler ni adui wa mchezo wa video tu. Kweli vita vya mwisho vimepigwa picha hivyo, kutoka ubavuni, maadui wakiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili wakiwa vipande. Huo ni ustadi mkubwa, lakini ndipo utani unapofika mpakani pake, maana mtani hufanya mzaha mbele ya maiti, wala hajifanyi kwamba maiti haipo.

Kosa la namna hiyo hiyo liko kwa wale wanawake wawili, Barbarianna na Katana. Wamepewa silaha kubwa, wanyama wa kupanda na mavazi madogo, basi. Hawana ndugu, hawana kisasi, hawataki kitu. Mtu atajibu kwamba huo ndio mwigo, kwa kuwa sinema za tamaa ziliwafanya wanawake mapambo. Ziliwafanya hivyo, lakini si zote, wala si wakati wote. Katika Coffy ya mwaka 1973, ambayo iliuzwa kwa mwili wa Pam Grier bila kificho, mwanamke yule ni muuguzi ambaye mdogo wake ameharibiwa na dawa za kulevya, naye anawatafuta wauzaji mmoja mmoja kwa bunduki. Ana hasira, na hasira hiyo ilikuwa na maana kwa watu waliojaza majumba ya sinema ya mitaa ya Waafrika wa Marekani. Sinema ile ya zamani, pamoja na aibu zake, ilimpa mwanamke sababu ya kuua. Mwigo wake uliosafishwa haukumpa hata hiyo. Sandberg amezipenda sinema hizi kwa umbo lake, rangi zake, magari yake na nyimbo zake za vinanda vya umeme, akaziiga vizuri kuliko walivyoziiga wengi. Yaliyokuwa yakiwachemsha watu ndani yake hayakufika Umeå pamoja na kanda.

Mwaka 2019 ilipigwa sinema ndefu ya kuifuata hiyo fupi, kwa fedha nyingi zaidi, akiwamo Michael Fassbender, na Arnold Schwarzenegger mwenyewe, ambaye sinema zake za miaka ya 1980 ni miongoni mwa zile zilizoigwa mara ya kwanza. Aliyetaniwa aliitwa aje kucheza katika utani. Kazi hiyo ilikwama katika magomvi ya fedha, na miaka ikapita bila kuwafikia watazamaji. Ile ya dakika 31, pamoja na kituo chake cha polisi kilichojaa askari wa sare moja, imebaki mahali pale pale ilipowekwa tarehe 28 Mei 2015, nayo hutazamwa bila kiingilio.